Mikumi kwa treni ya SGR: tathmini ya huduma na ushauri wa kupanga safari ya mbugani

Mkaazi wa Dar es Salaam anayetaka kuwaona tembo, simba na twiga wakiwa nyikani halazimiki kusubiri mpaka apate fedha za kwenda Serengeti. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, iko umbali usiofika kilomita 300 kutoka jijini, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia. Tangu treni ya reli ya kisasa (SGR) ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, sehemu iliyokuwa ikichosha kuliko zote katika safari hiyo imekuwa nyepesi. Nimekwenda Mikumi kwa gari binafsi, kwa basi, kwa kifurushi cha siku moja na kwa treni, na maoni yangu ni kwamba hii ni safari nzuri sana kwa familia ya kipato cha kati, ilimradi ratiba yake ifuate saa za wanyama na si saa za msafirishaji.

Nasema hivyo kwa sababu kitu halisi anachokinunua mgeni wa mbugani ni saa za alfajiri na za jioni. Jua likishapanda, simba hulala chini ya vichaka na hawanyanyuki mpaka kupoe, tembo hujisogeza kwenye kivuli cha miti, swala hutulia, na uwanda ambao saa mbili zilizopita ulikuwa umejaa uhai huonekana kama umehamwa. Mwanga nao hubadilika, picha zinafifia, na watoto ndani ya gari huanza kuuliza lini mtarudi. Kwa hiyo kila huduma katika tathmini hii, iwe ni usafiri, malazi, kibali cha kuingia au gari la kuzungukia, nimeipima kwa swali moja: je, inamwezesha mgeni kuwa ndani ya hifadhi wakati wanyama wanatembea?

Kwa kipimo hicho, huduma iliyoniridhisha kidogo kuliko zote ni kifurushi cha siku moja kinachoanzia na kuishia Dar es Salaam kwa barabara. Kampuni nyingi hukiuza, na bei yake huvutia kwa sababu hakina gharama ya kulala. Hata hivyo, gari likiondoka jijini saa kumi usiku, lizoe abiria mtaa kwa mtaa, likabiliane na malori ya Kibaha na Chalinze, kisha lisimame Morogoro kwa chai, wageni hufika langoni jua likiwa kali, na wakimaliza taratibu za malipo wanaanza mzunguko katika saa zilezile ambazo wanyama wameanza kupumzika. Inapofika alasiri, uwanda unapoanza kuchangamka tena, dereva anatazama saa kwa sababu ana mwendo mrefu wa kurudi. Katika safari ya namna hiyo niliyolipia, tulitumia muda mwingi zaidi barabarani kuliko mbugani, na sioni sababu ya kumshauri mtu yeyote kuitumia fedha yake hivyo wakati usiku mmoja tu wa ziada hubadilisha kila kitu.

Treni, kwa upande wake, inastahili sifa inazopewa. Shirika la Reli Tanzania huendesha treni za umeme zenye uwezo wa kwenda kilomita 160 kwa saa, na kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro humalizika kwa muda usiozidi saa mbili, wakati basi huweza kutumia zaidi ya saa nne kutegemea foleni ya kutoka jijini. Nauli ya daraja la kawaida kwa mtu mzima ilitangazwa kuwa shilingi 13,000, kiasi ambacho familia ya watu wanne au watano inaweza kukipangia bila kuumia. Behewa ni safi na tulivu, viti vina nafasi ya kutosha, na watoto wanaweza kusimama na kunyoosha miguu, jambo ambalo kwenye basi haliwezekani. Tiketi ikatwe mapema, hasa kwa Ijumaa na siku za sikukuu, na kila msafiri abebe kitambulisho chake.

Kasoro ya treni kwa msafiri wa Mikumi si ya treni yenyewe, bali ni ile iliyobaki baada ya kushuka. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje kidogo ya katikati ya mji, na kutoka hapo bado kuna takriban kilomita mia moja za barabara kufika hifadhini. Anayesafiri peke yake au na mwenzake anaweza kuchukua bajaji mpaka kituo cha mabasi cha Msamvu, akapanda basi la Iringa au Mbeya na kushuka mji mdogo wa Mikumi, ulio upande wa pili wa hifadhi. Njia hii ina faida moja ambayo wengi hawaijui: barabara kuu hupita katikati ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na abiria aliyekaa dirishani upande wa kulia, ambako ndiko uwanda wa Mkata uliko, huweza kuona twiga, punda milia, swala pala, nyani na mara nyingine tembo kabla hajalipa kiingilio chochote. Familia yenye mizigo na watoto wadogo itafanya vyema zaidi kuagiza gari la kitalii lije kuipokea stesheni na kubaki nayo mpaka mwisho, kwa kuwa gari hilohilo ndilo litakalozunguka mbugani.

Nije sasa kwenye kiingilio, kwa sababu hapa ndipo penye dhana potofu iliyowazuia Watanzania wengi kuzitembelea hifadhi zao. Kwa viwango vilivyotumika nilipokwenda, raia wa Afrika Mashariki mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea alilipa shilingi 5,000, ambazo pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 zinakuwa 5,900. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 alilipa 2,000 kabla ya kodi, na aliye chini ya miaka 5 hakulipa. Mgeni kutoka nje ya jumuiya alitozwa dola 30 kabla ya kodi. Kiwango cha Afrika Mashariki ni kwa raia wa nchi zote za jumuiya, kwa hiyo Mkenya, Mganda, Mnyarwanda au Mrundi analipa sawa na Mtanzania, lakini uthibitisho ni wa lazima: kitambulisho cha taifa au pasipoti. Ndugu waliokuja likizo kutoka ughaibuni wakumbuke kwamba kiwango hufuata hati wanayoionyesha langoni, wala hakifuati lafudhi yao. Gari nalo hulipiwa, kwa kiasi kinachotegemea uzito wake na mahali liliposajiliwa. Malipo hufanyika kwa kumbukumbu namba (control number), kwa simu au benki, na ni busara kuhakikisha fedha iko kwenye simu kabla ya kuondoka mjini.

Jambo lenye thamani kubwa zaidi kuliko kiwango chenyewe ni jinsi kibali kinavyohesabiwa. Kibali ni cha saa 24 tangu kuingia, na hesabu hiyo, ikitumiwa vizuri, humpa anayelala ndani ya hifadhi mizunguko miwili bora kwa kiingilio kimoja. Mgeni anayeingia saa kumi jioni hupata mzunguko wa jioni ya siku hiyo, hulala ndani, huamka na kuanza mzunguko saa kumi na mbili alfajiri, na bado ana asubuhi nzima mpaka alasiri kabla ya kibali chake kwisha. Anayeingia saa tano asubuhi, kinyume chake, huanza kuzihesabu saa zake wakati wanyama wamelala, na kesho yake hulazimika kutoka mapema kuliko anavyotaka. Anayelala nje, mjini Mikumi au upande wa Doma, kijiji kilicho kabla ya hifadhi ukitokea Morogoro, hesabu yake ni tofauti: yeye awe langoni linapofunguliwa alfajiri, akiwa tayari amelipa, na aulize mapema utaratibu wa kutoka na kurudi siku hiyohiyo ili asijikute analipia mara mbili.

Gharama kubwa haipo langoni. Ipo kwenye gari. Kukodi gari la kitalii lenye paa linalofunguka, pamoja na dereva anayeijua hifadhi, huzidi kiingilio cha mtu mmoja mara nyingi sana, na hapa ndipo bajeti inapoamuliwa. Kwa kuwa bei hutozwa kwa gari na wala si kwa kichwa, watu sita wakichangia hulipa kila mmoja kiasi ambacho mtu mmoja hawezi hata kukifikiria akiwa peke yake. Nimeona vikundi vya wafanyakazi wa ofisi moja, wanakwaya na ukoo mzima wakifanya hivyo kwa mafanikio. Wakati wa kiangazi inawezekana kuingia kwa gari binafsi lililoinuka kidogo, kwa maana barabara kuu za ndani hupitika, lakini anayekaa chini kwenye gari dogo huona majani zaidi kuliko wanyama, na hana mtu wa kumwambia kwamba lile jiwe la kahawia pale mbali ni jike la simba.

Dereva ndiye atakayeamua ubora wa safari kuliko kitu kingine chochote, na nasikitika kwamba wateja wengi humchagua kwa kutazama bei ya gari pekee. Dereva mzuri huzima injini akimfikia mnyama, hukaa naye, na hueleza anachokifanya: kwa nini kundi la nyati limegeuka kuelekea upande mmoja, kwa nini tumbusi wanazunguka mahali pamoja angani, kwa nini swala pala wote wameelekeza masikio kwenye kichaka kilekile. Dereva mbaya hukimbia kutoka simba mmoja kwenda mwingine kwa kufuata simu za wenzake, huwazingira wanyama na magari mengine, na wakati mwingine huacha barabara na kukanyaga nyasi ingawa jambo hilo limekatazwa. Kabla ya kulipa malipo ya awali, muulizeni mwenye gari maswali ya moja kwa moja: tutakuwa langoni saa ngapi, je, kila abiria atakuwa na dirisha, paa linafunguka, mafuta na ada ya gari hifadhini vimo kwenye bei, na ni nani hasa atakayeendesha. Anayesita kujibu swali la saa ya kuingia hajapanga safari yenu kwa ajili ya wanyama. Ipo pia huduma ya kuomba mwongozaji wa hifadhi langoni, na kwa waliokuja na gari lao ni matumizi mazuri ya fedha.

Ningependa sana siku moja kuona magari ya kuchangia yakiondoka langoni kila alfajiri kwa ratiba inayojulikana, ili mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine au muuguzi aliye likizo aweze kununua kiti kimoja na kuingia. Treni imeshafanya hivyo kwa kipande cha Morogoro, na mbuga ingeweza kufanya vivyo hivyo kwa kilomita zake za ndani.

Kuhusu kinachoonekana, Mikumi haimwangushi mgeni mwenye matarajio ya haki. Uwanda wa Mkata, ulio kaskazini mwa barabara kuu, ni nyika pana ya majani yenye miti iliyotawanyika, na milima inauzunguka: Uluguru upande wa mashariki, Rubeho upande wa magharibi. Humo kuna makundi ya nyati, punda milia, nyumbu, twiga, swala pala na ngiri, na pofu kwa mwenye bahati. Tembo huonekana mara nyingi. Simba wapo, lakini hawamwahidi mtu yeyote miadi, na aliyepata jioni moja na asubuhi moja ana nafasi nzuri zaidi ya kuwakuta kuliko aliyepita mchana mmoja. Si mbali na lango kuna bwawa la viboko ambalo ni mahali pazuri pa kupumzika saa za joto, kwa kuwa viboko na mamba hawahami jua likipanda, na ndege wa majini huendelea na shughuli zao. Hifadhi ina zaidi ya aina 400 za ndege, na mimi ningemshauri kila mtu abebe darubini hata ndogo, kwani kumwona mumbi akitembea polepole kwenye majani yaliyoungua, akiokota panzi mmoja mmoja, ni jambo linaloweza kushinda simba aliyelala. Nyani wa manjano, ambao wageni huwapita haraka wakitafuta wanyama wakubwa, wamekuwa wakifuatiliwa hapa na watafiti tangu miaka ya 1970, na ukikaa na kundi lao kwa nusu saa utaelewa kwa nini.

Faru hawapo. Anayemtaka faru aende Ngorongoro. Vilevile hakuna ule uhamaji mkubwa wa nyumbu unaojulikana Serengeti, na kusini mwa barabara kuu kuna misitu ya miombo yenye palahala na tandala ambao ni wagumu kuwaona, tena njia zake ni chache. Chui yupo, ila usimweke kwenye bajeti ya matumaini.

Miezi ya kuanzia Juni hadi Oktoba ndiyo bora, kwa sababu majani yamepungua, maji yamebaki sehemu chache, na wanyama hukusanyika panapoonekana. Asubuhi za Julai ni baridi kiasi cha kuhitaji sweta zito katika gari lililo wazi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mweusi wa Mkata hugeuka utelezi unaonasa hata magari yenye nguvu ya magurudumu manne, baadhi ya njia hazipitiki, na majani marefu humficha nyati mzima. Desemba hadi Februari ni kipindi ambacho wengi hukidharau bila sababu ya kutosha: nchi ni ya kijani, ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia wamefika, watoto wa swala pala wametapakaa, na nafasi za kulala hupatikana kwa urahisi ukiondoa wiki za Krismasi na Mwaka Mpya.

Kwa malazi, ndani ya hifadhi kuna mabanda ya TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, maeneo ya kupiga kambi na loji za binafsi, na nje, mjini Mikumi, kuna nyumba za wageni za bei ya chini. Kwa kipimo changu cha saa, mabanda ndiyo yanayoshinda: ni ya kawaida, hayana anasa, lakini mgeni anaamka akiwa tayari ndani, na usiku husikia fisi na pengine simba. Nyumba ya wageni mjini huokoa fedha na huwa na chakula cha uhakika jirani, ila inabidi kuamka saa kumi na nusu ili kufika langoni kwa wakati. Loji ni nzuri kwa wenye uwezo na kwa wazee wasiotaka bughudha, wala sina neno zaidi juu yake.

Mambo madogo yasisahaulike. Mbung'o wapo kwenye maeneo ya miti na huvutwa na nguo za rangi ya buluu iliyokoza na nyeusi, hivyo rangi za udongo zinafaa zaidi. Malaria ipo, na dawa ya kupaka pamoja na chandarua ni lazima. Chakula cha mchana kifungwe kwenye vyombo, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na mabaki yote yarudi na gari. Nyani aliyezoeshwa kupewa ndizi dirishani hugeuka mkorofi, na anayelipia ukorofi huo ni nyani.

Wanaokwenda kwa gari lao nawaomba kwa dhati wapunguze mwendo katika kilomita zile 50. Matuta yamewekwa, vibao vipo, na faini ya kumgonga mnyama hutozwa kulingana na aina yake, lakini bado mizoga huonekana kando ya lami. Usiku ndio wakati mbaya zaidi, kwa sababu mnyama aliyemulikwa na taa husimama palepale. Familia inayokwenda kuwatazama wanyama haiwezi kuanza safari hiyo kwa kuwatishia maisha, hata kama lori lililo nyuma linapiga honi.

Mwenye siku ya ziada asirudi moja kwa moja. Kutoka mji wa Mikumi kuna barabara iendayo Kidatu na Mang'ula, yaliko makao ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992, ambayo hutembelewa kwa miguu tu. Maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170 hivi, yanaweza kupandwa na kushukwa kwa nusu siku, na msitu wake una mbega wekundu wa Iringa wasiopatikana nje ya eneo la Udzungwa na bonde jirani la Kilombero. Baada ya siku mbili za kukaa ndani ya gari, miguu hufurahia sana mabadiliko hayo.

Kwa wasioongeza siku, hesabu ya kurudi ni rahisi kama hesabu ya kibali ilianza vizuri. Aliyeingia saa kumi jioni ya jana amalize mzunguko wa asubuhi, apumzike bwawani kwa viboko mpaka saa sita, ale, kisha aanze mwendo wa kwenda Morogoro akiwa na nafasi ya kutosha ya kuwahi treni ya jioni. Tiketi ya kurudi ikatwe siku ileile ya kukata ya kwenda, kwa sababu Jumapili jioni treni za kuelekea Dar es Salaam hujaa, na aliyekosa kiti huishia Msamvu akitafuta basi la usiku.